Siku Kumi na Moja Bila Vidonge

Mjukuu wangu alisimamisha cherehani, akainua kichwa, akaniuliza ni nani anayejaza upepo baiskeli hapo nje. Nilikuwa nachambua mchele pembeni yake. Nje hapakuwa na baiskeli wala mtu. Nikamwambia aangalie mshono wake. Baada ya muda akauliza tena. Mara ya tatu niliinuka mwenyewe, nikaenda mpaka barabarani, nikatazama juu na chini, nikarudi na hasira.

"Kuna pampu, bibi," akasema. "Fyuu, fyuu, fyuu. Kama imewekwa ndani ya sikio."

Nilimjibu kuwa hayo ni masikio ya mtu anayelala na simu.

Nilikuwa na jibu hilo kwa kila kitu. Kichwa kikimuuma, simu. Akichelewa kuamka, simu. Mimi si mtu wa kubembeleza. Binti yangu alifariki akaniachia mtoto wa miaka minne, nami nimemkuza hapa Chemchem, Tabora, bila kurudia neno mara mbili. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza ushonaji, akaweka cherehani barazani kwangu. Mtaa mzima ulikuwa unaleta sare za watoto wa shule kwake, kwa sababu mishono yake ilikuwa imenyooka na haikufumuka. Nikimwita anakuja. Nikimwambia kula anakula. Sikuona kasoro katika malezi hayo.

Wakati huo alikuwa ameposwa. Kijana ni mwalimu, kwao Nzega, watu wa mashamba na ng'ombe. Posa ilipokubaliwa nikaanza kumlisha. Hili lazima nilieleze, maana wa siku hizi watacheka. Kwetu binti hapelekwi kwa wakwe mifupa ikionekana. Akifika amekonda, wanawake wa kule wanamtazama mara moja tu, wanasema alikotoka kuna njaa, au ana kitu mwilini. Kwa hiyo mwari anaondolewa kazi za juani na analishwa. Mama yangu alilishwa, nami nililishwa. Asubuhi nilimpa uji wa karanga wenye samli. Saa nne, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na asali ya Sikonge niliyoagiza dumu zima. Mchana wali na nyama. Jioni maziwa mgando. Akisema ameshiba nilisimama palepale mpaka nione chini ya bakuli.

Kwa miezi mitano alijaa vizuri. Magauni yake aliyafumua ubavuni akaongeza kitambaa, na kila alipoongeza kitambaa nilimsifu.

Kichwa nacho kilikuwa na tabia zake. Kilikuwa kibaya zaidi asubuhi, kabla hajasimama. Akilala chali kinazidi. Akiinama kufagia anashika ukuta. Kisha yakaja macho. Alisema akiinuka ghafla dunia inazimika, giza kabisa, kwa muda wa kuhesabu tatu au nne, halafu inarudi. Zahanati walimpima malaria hawakuiona, wakampa dawa za maumivu. Jirani yangu, mwanamke mwema ila mdomo wake haupumziki, alileta ugoro ili apige chafya kichwa kifunguke. Alipiga chafya mpaka akalia, kila moja ikimpasua. Mimi nikachukua kanga nikamfunga kichwa, nikaikaza kwa mikono yangu miwili na goti. Siku hizi nikikumbuka nilivyoikaza ile kanga siwezi kuendelea kukaa. Nainuka, natafuta kazi.

Kilichonishtua ni sketi ya shule. Alinipa niikunje, nikaona mshono wa pembeni umepinda kama njia ya mbuzi. Yeye, mwenye mkono ule. Nikamwita nikamwonyesha. Aliileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Naona mishono miwili, bibi," akasema polepole. "Nilifuata ule wa kulia."

Basi ni miwani, nikasema. Tukaenda kwa mtaalamu wa macho, mama mmoja wa makamo. Alimsomesha herufi ukutani, akazisoma karibu zote, nikaanza kuona tumepoteza asubuhi bure. Kisha akavuta pazia, akamsogelea uso kwa uso na kitochi chenye kilenzi, akatazama jicho hili, akatazama lile, akarudia la kwanza. Halafu akamuuliza mjukuu wangu kama anasikia sauti sikioni, sauti inayokwenda pamoja na mapigo ya moyo.

Hakuna aliyekuwa amemtajia habari ya pampu.

Alitueleza kuwa nyuma ya kila jicho kuna mshipa unaokwenda mpaka kwenye ubongo, na kwamba pale unapoingilia pamevimba, macho yote mawili. Ikiwa hivyo, maana yake kuna msukumo ndani ya kichwa. Huenda kuna uvimbe, huenda ni kitu kingine, yeye hawezi kusema bila picha. Akaandika barua twende hospitali kubwa Dodoma wiki hiyohiyo. Nikamwambia tutakwenda baada ya harusi, imebaki miezi miwili tu.

Aliweka kalamu chini. "Mama, baada ya harusi huenda asimwone aliyemuoa."

Basi la Dodoma linapita Itigi na Manyoni, si mbali na njia ya zamani ya misafara. Wazee wetu waliikata kwa miguu wakishuka pwani na mizigo mabegani, miezi kwa miezi, wakiimba nyimbo. Sisi tuliikata kwa siku moja tumekaa, na mimi nililalamika tangu tunatoka stendi. Nililalamika kuhusu kiti, vumbi, dereva, abiria wa mbele aliyekula mayai. Kila basi liliporuka mjukuu wangu alishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia sufuria isimwagike. Nilikuwa naona. Ndiyo maana nililalamika kuhusu mayai.

Picha ilipigwa katika mashine kubwa ya duara. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, ningeweza kumzaa mama yake. Alinisalimia shikamoo vizuri, nikamwitikia marahaba, nikakaa sawasawa mbele yake. Akasema hakuna uvimbe wowote. Nikainuka nikachukua mkoba wangu.

"Kaa, bibi," akasema. "Sijamaliza."

Alichora kichwa kwenye karatasi, kikafanana na kibuyu. Ubongo, alisema, umezungukwa na maji masafi. Mwili unayatengeneza kila siku na kuyaondoa kila siku, bila sisi kujua. Kwa mjukuu wangu huenda yanaingia kama kawaida ila kutoka ni kazi. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Basi maji yanasukuma pale palipo laini, na palipo laini ni ule mshipa wa jicho. Pampu aliyokuwa akiisikia ni damu yake mwenyewe inayopita kwenye msukumo ule. Na giza la kuhesabu tatu au nne ni mshipa unaobanwa ukaachiwa. Siku moja utabanwa usiachiwe.

Nikamuuliza kwa nini maji hayatoki.

"Hatujui," akasema.

Nilidhani sikusikia. Nikamuuliza: "Nimetoka Tabora kuja kuambiwa hamjui?"

"Umetoka Tabora kuja kutibiwa, bibi. Sababu siijui. Dawa ninayo."

Sikumpenda kwa jibu lile. Nilitaka anipe sababu niishike. Mimi kila ugonjwa katika nyumba yangu ulikuwa na sababu, na sababu kwa kawaida ilikuwa kosa la mtu. Akaongeza kuwa ugonjwa huu unawapata zaidi wanawake wenye umri wa kuzaa, hasa wakinenepa kwa muda mfupi. Si kila mnene anaugua, na si kila anayeugua ni mnene, lakini uzito unauzidisha. Akauliza mjukuu wangu amekuwa akila nini.

Nikamweleza mimi, kwa kujidai. Uji, samli, asali, maziwa. Nilikuwa nimefika kwenye matobolwa nilipoona daktari ameacha kuandika na mjukuu wangu anaangalia sakafu. Nikanyamaza katikati ya neno.

Bado kulikuwa na sindano. Ili kuwa na uhakika, daktari alitaka kupitisha sindano mgongoni, chini kiunoni, apime msukumo wa yale maji na apunguze kidogo. Hapo nilikataa. Kwetu kila mtu anajua sindano ya mgongo. Nimezika watoto wawili wa majirani waliochomwa sindano ile. Wanachomwa asubuhi, jioni ni matanga. Nikasema haitachomwa, tunarudi nyumbani, na nikasema kwa sauti ambayo korido yote ilisikia.

Daktari hakugombana nami. Aliniuliza wale watoto walifikishwa hospitali siku ya ngapi ya ugonjwa. Nikafikiri. Mmoja alikuwa amekwishaanza kukakamaa shingo na kupoteza fahamu. Wa pili alipitishwa kwa waganga kwanza. Akasema watoto wale waliuawa na ugonjwa uliokuwa umekwishapanda kichwani, na sindano ilikuja mwishoni, ikabaki na lawama. Mjukuu wangu anaingia anatembea, anazungumza, na picha imeonyesha ni salama kumchoma. Nikasema hata kama. Daktari akaangalia saa ya ukutani.

Ndipo mjukuu wangu aliposema, bila kuniangalia: "Bibi, mgongo ni wangu."

Hakuwa amewahi kunijibu hivyo. Nilibaki nimesimama na mkoba mkononi kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

Waliniruhusu niingie nimshike mabega. Alilala ubavu, amejikunja, magoti kifuani. Nilidhani yatatoka maji machafu. Yalikuwa meupe kama ya mvua iliyokingwa kwenye bati jipya. Daktari aliunganisha mrija mwembamba uliosimama wima, maji yakaanza kuupanda yenyewe. Yakapanda yakapita alama aliyonionyesha kuwa ndiyo ya kawaida, yakaendelea, yakafika juu kabisa. Hakuna aliyeyasukuma. Nilikuwa nimewahi kumwambia mtoto huyu kuwa ni mvivu.

Jioni ile alisema kichwa kimekuwa chepesi na pampu imesimama. Alikula ndizi moja akacheka kwa sababu sikumsimamia.

Tukapewa vidonge vyeupe vya mviringo vya kupunguza maji yale, vya kumeza kila siku kwa saa, pamoja na maagizo: mafuta na sukari vipungue, uzito ushuke taratibu bila njaa, arudi kupimwa. Na daktari alisema vidonge vitafanya vidole vimwashe kama amevikalia, atakwenda msalani mara kwa mara, na soda itageuka ladha. Alisema. Nakiri kuwa alisema. Mimi wakati ule nilikuwa nawaza jinsi ya kuieleza Nzega.

Nyumbani kopo la vidonge nililiweka mimi, kama ninavyoweka funguo na sukari. Saa mbili asubuhi namwita, namhesabia, anameza mbele yangu. Jioni tena. Yote aliyotabiri daktari yakaja. Vidole vilimchonyota mpaka akawa anavisugua kwenye gauni. Alionja soda akaitema, akasema ni kama kulamba msumari. Lakini alianza kushona mistari iliyonyooka, na giza la kuinuka likawa linakuja mara moja kwa siku mbili, tatu. Mwili ukaanza kushuka. Mashavu yakapungua. Magauni akayarudisha ndani.

Akaja mkwe wetu mtarajiwa, mama wa kijana. Alikuja na kuku wawili na kibuyu cha maziwa. Mjukuu wangu akapiga goti akamwamkia, akaketi mkekani akisugua vidole. Mama yule alimtazama kuanzia shingo mpaka mikono.

"Mwenzangu, mwari wetu kapungua."

Nikasema anameza dawa.

"Za nini?"

"Za kichwa."

"Za kila siku?"

"Za kila siku."

Mtu wa kwetu haelezwi maana ya kijana anayekonda na kumeza vidonge kila siku kwa saa. Ugonjwa haukutajwa. Maziwa aliyoyaleta hakuyagusa. Nilipomsindikiza mpaka pikipiki yake, alisema tu, kwa upole kabisa, kwamba siku hizi vijana wanapima kwanza kabla ya ndoa, ni utaratibu mzuri.

Nilirudi nikafagia ua. Nilipomaliza nikafagia tena. Ningeweza kumpigia simu yule mama nikamweleza maji, mshipa na sindano. Lakini ningeelezaje kitu ambacho daktari mwenyewe alisema sababu yake haijui? Angesema nimetunga. Na mimi bado nilikuwa na lile swali tumboni: dawa gani inamkondesha mtu, inamwasha vidole na kumharibia ulimi, ikaitwa dawa?

Nilijiambia ni siku chache tu. Mwili urudi, harusi ipite, kisha ataendelea. Nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vya maumivu, vyeupe, vya mviringo. Nikavimwaga kwenye kopo lile. Vya Dodoma nikavifunga kwenye kitambaa nikaviweka chini kabisa ya sanduku la kanga. Saa mbili asubuhi nikamwita, nikamhesabia, akameza. Macho yake hayakuwa yamepona kiasi cha kutambua tofauti. Nililijua hilo. Uji wa karanga nikaurudisha, nikasema daktari amepiga simu karuhusu kidogo.

Siku ya tatu alikuja jikoni ananyoosha mikono. "Bibi, vidole vimenyamaza." Akanywa soda akasema imerudi utamu. Alifurahi kwa sababu alidhani mwili umeizoea dawa. Nami nikaitikia kuwa ndiyo, mwili huzoea.

Siku zile sikutulia. Nilipiga deki sakafu safi. Nilihesabu kuku. Jirani akaniuliza kama nimemwagiwa upupu. Pampu ikarudi siku ya saba, akaniambia, nikamwambia itapita. Siku ya tisa kichwa kikarudi. Nilimwona akishika ukuta na nikageuza uso, kwa sababu harusi ilikuwa imebaki wiki tatu na mashavu yalikuwa yameanza kuonekana.

Siku ya kumi na moja tulikuwa tunakunywa chai. Alichukua chupa ya chai, akaielekeza, akamimina pembeni ya kikombe. Chai ikaanguka kwenye sinia, yeye anaendelea kumimina, ametulia kabisa, akisubiri kijae. Nilimshika mkono. Akainuka kutafuta tambara, akagonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango.

"Umeweka nini hapa?" akauliza, anapapasa.

Ni mlango uleule. Amepita hapo tangu alipokuwa na miaka minne.

Nikaenda kwenye sanduku. Kanga nilizitupa sakafuni moja moja mpaka nikafika kwenye kitambaa, nikarudi nacho nikakiweka mapajani mwake. Nikamwambia hivi ndivyo vidonge vyako. Hakuelewa. Aliuliza vile anavyomeza ni vya nini, nikasema ni vya maumivu, vya dukani. Akauliza tangu lini.

"Tangu mkwe alipoondoka."

Akahesabu kwa vidole, akifika mwisho wa mkono anaanza mwingine. Sikutegemea apige kelele, si tabia yake. Ningependa angepiga.

"Bibi," akasema. "Ulikuwa unaniangalia nikimeza."

Kesho yake tulikuwa kwenye basi la Dodoma. Safari hii sikulalamika kuhusu chochote. Alikaa dirishani, kopo la vidonge vya kweli ameliweka ndani ya mkoba wake, na mkoba ameukumbatia. Nilimpa maji akasema anayo.

Daktari nilimwambia mwenyewe, kabla hajauliza, yote, hata la kitambaa. Alikuwa amesimama, akaketi. Nilikuwa tayari kwa matusi. Akasema: "Bibi, katika macho haya wewe upo upande wangu au unapigana nami? Niambie tu, nijue ninavyopanga."

Nikamwambia nipo upande wake. Akasema basi mgonjwa ndiye atakayeshika dawa yake.

Alichomwa sindano ya mgongo mara ya pili, vidonge vikaongezwa. Walimweka pia mbele ya mashine inayowasha vitaa vidogo, anabonyeza kitufe kila anapoona kimoja. Mashine ikatoa karatasi yenye duara mbili, moja kwa kila jicho. Ya kushoto ilikuwa na weusi kidogo. Ya kulia, ukingo wa nje wote ulikuwa mweusi, kama mkate ulioungua upande mmoja. Daktari alisema, kwangu na kwake, bila kuzunguka: uvimbe wa mshipa utashuka, kuona mbili kutaisha, lakini sehemu ile ya nje ya jicho la kulia imekufa na hairudi. Kazi iliyobaki ni kulinda iliyosalia. Nayo ikianza kufa haraka, watafanya upasuaji wa kuweka mrija wa kuyatoa maji. Nilimuuliza kama ingekufa hata bila zile siku kumi na moja. Akasema hawezi kujua. Mara hii neno lile sikuligombania. Lingeweza kunisaidia, nami sikulitaka.

Tulikaa Dodoma kwa ndugu zaidi ya wiki mbili. Upasuaji haukuhitajika.

Tuliporudi niliipigia simu Nzega. Nilikuwa nimesimama uani, siwezi kuzungumza nimekaa. Nilimweleza mama yule maji, mshipa, sindano, kisha nikamweleza nilichofanya na kwa nini, kwamba nilimficha mtoto dawa ili yeye amwone mnene. Nikangoja anikatie simu.

"Mwenzangu," akasema, "ungeniambia tu kwamba ni maji yamejaa kichwani. Mimi nina mume miaka thelathini na sijajua mpaka leo kichwani mwake kumejaa nini."

Nikacheka, nikajikuta nalia, nikakata simu kwa kukosea kitufe. Alipiga tena. Alisema amekosa kuuliza alipopaswa kuuliza, na harusi ingoje macho. Kijana naye alikuja mwenyewe, akakaa na mjukuu wangu barazani mchana mzima wakizungumza. Walichozungumza sikuambiwa.

Siku hizi napika mlenda bila karanga na ugali wa kiasi. Asubuhi mjukuu wangu anatembea kwa mwendo wa haraka mpaka barabara ya lami na kurudi. Nilikwenda naye siku ya kwanza nikaambiwa nabaki nyuma. Anashona. Anaigeuza shingo zaidi kulia kuliko zamani, ili aone mkono wake wa upande ule. Wateja hawajatambua. Watu wa mtaani wamesema waliyosema kuhusu kukonda kwake, na jirani yangu amenipa taarifa ya yote, na mimi nimemwambia kila anayesema aje nimchoree kibuyu.

Mwezi uliopita tulirudi kupimwa. Vitaa, kitufe, karatasi. Nilimwomba daktari aweke karatasi mpya kando ya ile ya zamani, nikavaa miwani yangu, nikafuata ukingo wa weusi kwa ukucha, huku na huku, mara mbili. Haujakua. Daktari alisema hayo ndiyo matokeo anayoyataka na atayataka tena miezi mitatu ijayo, na kwamba vidonge bado havijafika wakati wa kupunguzwa. Mjukuu wangu alishukuru. Mimi nilitaka kuuliza kuhusu miezi mitatu baada ya hiyo, na mingine, lakini alikwishafungua mlango.

Kopo liko chumbani kwake. Sijui analiweka wapi na siulizi. Ikifika saa mbili asubuhi, hata niwe nafanya nini, naacha, naenda kusimama mbele ya mlango wake uliofungwa. Anazijua hatua zangu. Hafungui.

"Nimemeza, bibi," anasema kutoka ndani.

Nasimama kidogo. Kisha nasema haya, narudi kwenye kazi yangu.